Karatasi za Plamedie Zirudi Nyumbani

Poda nyeupe ilikuwa bado kwenye kizingiti cha mlango. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu Plamedie afaulu mtihani wa Serikali. Siku ile marafiki zake walimmwagia poda kichwani, mabegani, hata kwenye viatu. Ndivyo watu wa Lubumbashi wanavyompokea mtoto aliyepata diploma. Poda nyingine ilianguka mlangoni, na baba yake alikataza isifagiliwe.

"Muiache pale," alisema. "Bantu bakipita, baone. Siku mutoto ataingia ku universite, njo mutafagia."

Basi kila asubuhi mama alifagia lupango lote, yaani uwanja wa nyumba, mpaka ukutani kwa jirani. Akifika mlangoni, anainua ufagio.

Nyumba hii iko katika komini ya Kenya, mtaa mmoja wa Lubumbashi. Baba anaitwa Symphorien. Anaunga vyuma: milango, madirisha, vitanda. Mama anaitwa Dorcelle, anauza bunga, yaani unga, sokoni. Plamedie ni mtoto wao wa kwanza. Ana miaka kumi na minane. Katika jamaa yao hakuna mtu aliyewahi kusoma chuo kikuu.

Jumamosi moja saa sita Symphorien alirudi mapema kutoka kazini. Alikuwa anapiga mluzi.

"Mama Plamedie, leta maji ninawe mikono. Leo niko na habari."

"Habari gani?" Dorcelle aliuliza. Alikuwa anasonga bukari, ugali wa kwao, hakugeuka.

"Mutoto amepata fasi. Atasoma droit, mambo ya sheria. Mu hii nyumba tutakuwa na avoka."

Akatoa mfukoni kadi ya njano yenye muhuri. Alieleza kwamba rafiki yake Liévin alimpeleka kwenye chuo kipya, kwenye njia ya kwenda Karavia. Nyumba nzuri, rangi mpya, bendera mlangoni. Walimpokea vizuri, wakampa kiti.

"Nimebaachia makaratasi yake yote," alisema. "Bulletin za pointi za masomo za myaka mbili, na attestation ya kufaulu. Sasa ile fasi ni yake."

Plamedie alikuwa anapanga sahani. Akasimama.

"Baba, ulibaachia kopi?"

"Kopi ya nini? Orijinali. Mutu anaheshimu orijinali."

Plamedie alikaa, lakini chakula chake alikigusa tu.

Symphorien hakuwa mtu mjinga. Alifanya alichoona kwao. Baba yake alitoka kaskazini ya Katanga, akafanya kazi ya reli miaka thelathini. Siku ya kwanza alitoa karatasi zake ofisini, na kampani ikaziweka. Tangu siku ile alikuwa mtu wa reli. Watoto wake walisoma shule ya kampani. Wakiugua, walipelekwa hospitali ya kampani. Kwao waliamini hivi: ukiacha karatasi yako mahali, mahali pale pamekuwa pako.

Baada ya chakula Dorcelle alimfuata binti yake kisimani.

"Weye, iko nini? Hukukula."

Plamedie alivuta ndoo, akaiweka chini.

"Mama, mi nilifanyaka testi ku universite ya Serikali. Ya chimie, ile kemia. Jana liste imetoka. Niko namba kumi na tisa."

"Umefaulu?"

"Nimefaulu. Lakini banaandikisha mpaka siku ya tano, saa tisa. Banataka kuona orijinali. Kama hauko nayo, banaita mwenye anakufuata ku liste."

Dorcelle alikaa kwenye ukingo wa kisima. Siku ya tano, yaani Ijumaa. Leo Jumamosi.

"Juu ya nini hukuambia baba yako?"

"Nilikuwa nangoja liste. Nikisema mbele, halafu nikose, bantu batacheka. Na baba hakuniuliza."

"Na weye hukumuambia," mama alisema polepole. "Basi muko wawili."

Dirishani kwa Plamedie kulikuwa na chupa tatu za maji. Moja ya kisima chao, moja ya kisima cha kanisa, moja ya bomba. Juu ya kila chupa alikuwa ameandika tarehe. Baba yake alizoea kumtania: "Mutoto wangu anafuga maji." Dorcelle aliziangalia siku hiyo kana kwamba ni mara ya kwanza.

Jumapili, baada ya misa, Dorcelle alimwita jirani yao, Mama Domitille. Mama Domitille alikuwa amefanya kazi miaka kumi na miwili katika ofisi ya kuandikisha wanafunzi, kwenye chuo kimoja cha ufundi. Alifika na kitambaa cha kanisani bado kichwani, akapewa kiti na chai.

"Papa Plamedie, jambo yenu. Banasema una avoka."

"Jambo, Mama Domitille. Bado. Lakini fasi iko."

"Ile kadi nione."

Aliisoma mbele na nyuma. Hakuharakisha.

"Hapa iko muhuri na jina la chuo. Jina la mutoto, iko wapi?"

Symphorien alichukua kadi, akaangalia. Halikuwepo.

"Fakilte, hakuna," Mama Domitille aliendelea. "Tarehe, hakuna. Hii kadi hata mimi naweza kuitembeza, nikasema ni yangu. Mukanda, ile barua ya kukubaliwa, unaandikwa jina la mutoto, kitu atasoma, mwaka, na namba. Kama haina vile, haina fasi."

"Lakini beko na makaratasi yake."

"Njo mbaya yenyewe. Orijinali haiachwake, Papa Plamedie. Unaonyesha, banaangalia mbele yako, inarudi mu mukono yako. Kitu unaacha ni kopi. Unapiga kopi, unapeleka ku komini, banaweka muhuri kwamba kopi na orijinali ni moja. Mutoto anaweza kuomba fasi ku byuo bitatu, bine, na kopi tu."

Symphorien alisukuma kikombe chake.

"Baba yangu aliachaka karatasi zake ku reli myaka makumi tatu. Hata moja haikupotea."

"Kweli. Lakini kampani njo ilikuwa inalipa baba yako," Mama Domitille alisema. "Hawa, weye njo utabalipa."

Symphorien aliigeuza kadi tena. Nje mtu alikuwa anapiga honi ya pikipiki.

"Kumbe droit ni mbaya?" Symphorien aliuliza mwishoni.

"Droit si mbaya. Uliza tu ni droit ya wapi. Chuo kinapata ruhusa ya Serikali, na ruhusa inasema fakilte gani. Uombe kuiona. Halafu utafute banafunzi ba mwaka wa pili, uongee nabo inje, mbali na ofisi. Hawa hawadanganyake." Kisha akamgeukia Plamedie. "Na weye? Hii droit njo ulikuwa unataka?"

Plamedie aliangalia baba yake, akaangalia chini.

"Sema," mama yake alisema.

Alieleza. Testi, liste, namba kumi na tisa, saa tisa ya Ijumaa. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini alimaliza. Symphorien alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka akaenda kusimama mlangoni. Chini ya miguu yake ilikuwa poda.

"Chimie," alisema. "Mutoto anapita testi, mi niko naunganisha mulango wa mutu mwingine."

Kabla hajaondoka, Mama Domitille aliwaandikisha barua fupi. Ilisema: mimi baba wa Plamedie naomba kurudishiwa karatasi hizi. Zikafuata karatasi zenyewe, moja moja. Waliandika barua mbili zinazofanana.

"Moja unabaachia," alisema. "Ya pili banaweka muhuri kwamba bameipokea, unarudi nayo. Bila ile, kesho banaweza kusema hawakukuona."

Jumatatu baba na binti walikwenda pamoja. Sekretere, msichana mwenye adabu, alipokea barua moja na kuweka muhuri kwenye ya pili. Lakini karatasi hazikutoka.

"Zimefungiwa mu kabati," alisema. "Ufunguo iko na direkta. Amesafiri Kipushi. Murudi siku ya ine."

Symphorien aliomba kuona ruhusa ya Serikali. Ilikuwa ukutani, ndani ya kioo. Plamedie aliisoma kwa kidole. Ilitaja biashara na hesabu za ofisi. Droit haikutajwa.

"Droit inakuya," sekretere alisema. "Tunangoja."

Nje, chini ya ukuta, walikaa vijana wawili wanasoma. Symphorien aliwasalimu, akauliza kama ni wa mwaka wa pili wa droit.

"Ya droit? Mwaka wa pili haiko, papa," mmoja alijibu. "Biashara iko, tunasoma muzuri. Ya droit tunasikia tu."

Symphorien alishukuru. Wakaanza kurudi nyumbani kwa miguu.

"Ile siku ya kwanza niliangalia rangi ya nyumba," alisema. "Mi, mutu wa vyuma. Mutu akiniletea mulango wa rangi nzuri, nagonga kwanza, nisikie kama ndani imeoza. Pale sikugonga."

"Baba, ulitaka nipate fasi."

"Nilitaka. Sasa uniambie. Hiyo chimie, mutu akimaliza anafanya nini? Usiniambie ya mudomo tu."

Plamedie alikuwa amekwisha uliza. Kuna maabara zinazopima mawe ya migodi. Kuna kazi ya kupima maji ya bomba. Kuna kufundisha. Aliongea na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, akamwambia mwaka wa kwanza ni mgumu, wengi wanarudia kwa sababu ya hesabu. Baba alimwuliza: hesabu yako ilikuwa ngapi? Akamwambia. Baba akauliza: na njia, kutoka nyumbani mpaka pale? Akasema dakika arobaini kwa miguu na basi. Hakuficha kitu.

"Na bile bichupa?"

"Mvua ikinyesha, maji ya kisima yetu yanabadilika rangi. Minataka kujua mule iko nini."

Baba hakucheka.

Alhamisi walirudi saa mbili asubuhi. Direkta alifika saa tano. Alikuwa mtu mpole, mwenye maneno laini.

"Papa, tumeshamuweka mutoto ku liste yetu. Karatasi zinabaki hapa mpaka mwisho wa mwaka. Njo kawaida."

Symphorien aliweka barua yenye muhuri juu ya meza. Alikuwa amefikiria maneno yake tangu asubuhi.

"Direkta, mi naunga milango. Mutu akiniletea mulango wake nipime, halafu akasema hataki tena, mulango ni wake. Kama munakatala kurudisha, muniandikie hapa chini kwamba munakatala, muweke muhuri. Nitaenda nayo mbele."

Direkta aliangalia barua. Aliangalia saa yake. Kisha akatoa ufunguo.

Plamedie alihesabu karatasi mbele yake. Bulletin ya mwaka wa tano, ipo. Ya sita, ipo. Attestation, ipo, imekunjwa pembe moja. Alitia saini kwamba amepokea. Baba akamshikia bahasha.

Mchana ule ule Dorcelle alifunga meza yake ya bunga sokoni. Walipiga kopi. Walifika komini kabla ofisi haijafungwa, na kopi zikapata muhuri. Ijumaa saa tatu asubuhi wote watatu walikuwa kwenye foleni ya chuo kikuu. Mbele yao mama mmoja alikuwa analia. Mtoto wake alileta kopi tu, orijinali iko kwa mjomba wake, mjini Likasi.

Zamu yao ilifika. Mwandikishaji alifungua bahasha, akalinganisha kila kopi na orijinali yake, mstari kwa mstari. Kopi akaziweka kwenye faili. Orijinali akazirudisha mkononi mwa Plamedie. Akampa karatasi ndogo. Symphorien aliisoma yote, kwa kidole, kama binti yake alivyosoma ukutani. Jina lilikuwepo. Chimie ilikuwepo. Mwaka ulikuwepo. Namba ilikuwepo.

"Hii njo fasi," alisema.

Walipofika nyumbani, Dorcelle alichukua ufagio. Alifika mlangoni, akamwangalia mumewe.

"Nifagie?"

"Fagia."

Wiki iliyofuata Symphorien alitengeneza sanduku dogo la chuma lenye ufunguo. Ndani aliweka orijinali za Plamedie, vyeti vya ubatizo vya watoto wote, na kitabu cha zamani cha reli cha baba yake. Ufunguo alimpa Plamedie.

Sasa Plamedie yuko mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza hesabu ilimsumbua, akarudia mtihani mmoja, akapita. Muhula huu mwalimu aliwaomba walete maji ya kupima. Yeye alibeba chupa ya kisima chao. Jibu lilirudi kwamba maji yale ni ya kufulia na kuoshea, si ya kunywa. Tangu siku hiyo maji ya kunywa ya lupango lile yanatoka kwenye bomba, na majirani watatu wamefuata.

Juzi Liévin alipita mbele ya karakana ya Symphorien. Alikuwa na haraka, bahasha chini ya kwapa. Mtoto wake Guelor amepata diploma mwaka huu, bado ana poda masikioni.

"Unaenda wapi na makaratasi ya mutoto?" Symphorien aliuliza.

"Ku chuo kimoja. Naenda kubaachia haya makaratasi, apate fasi yake."

Symphorien alizima moto wake, akavua miwani ya kazi, akasogeza kiti.

"Ikala kwanza, Liévin. Guelor, yeye anataka kusoma nini?"

Liévin aliivuta bahasha kutoka kwapani.

"Sijamuuliza," alisema.

"Basi rudi nayo ku nyumba," Symphorien alisema. "Uanzie pale."