Mama Duku Kwenye Tisheti

Pasca aliuza tisheti za mitumba sokoni Arua, na mwanamume aliyejaza tisheti vizuri hakumpita bila kutazamwa. Siku hiyo bodaboda ilipiga dimbwi, ikammwagia tope kijana mwenye mabega mapana, mbele kabisa ya meza yake. Tisheti yake nyeupe ilikuwa na picha ya mama anayecheka.

"Pole, kaka! Vua nikufulie. Chukua hii uvae."

"Wewe nafulia kila mutu?"

"Wazuri tu."

Jina lake Duku, fundi redio wa Koboko. Picha ile ilikuwa ya marehemu mama yake, iliyochapishwa kwa mazishi. Wakapeana namba, na jioni akapiga: "Mpenzi, mama iko salama?" Mpenzi! Pasca akayeyuka, jamani.

Kesho yake, nyumbani Mvara, akawasha pasi ya makaa. Kwa haraka ya kumpendeza hakuigeuza tisheti ndani nje. Alipoinua pasi, uso wa mama ulikuwa umeng'ang'ania kwenye chuma cha pasi. Mungu wangu! Muuza tisheti mzima! Duku akipiga simu, yeye aliiangalia tu ikilia. Siku ya tano ujumbe ukaingia: "Kama iko mwingine, sema tu."

Pasca akalia, akavaa gauni lake la maua, akaenda Koboko na ile tisheti mfukoni. Akamkuta Duku kijijini Dranya, akipalilia muhogo na shangazi zake.

"Hakuna mwingine, Duku. Nimemuunguza mama yako."

Duku aliikunjua, akaitazama. "Mimi nilifikiri nimepoteza wewe," akasema.

"Na mama je?"

"Angalia."

Shangazi watatu waliinua migongo. Vifuani mwao mama yuleyule alikuwa anacheka, amepauka kwa jua, amejaa udongo. Tisheti za mazishi zilikuwa za ndugu tu, nao walizivaa shambani na kisimani mpaka ziishe. Maisha yake yote ya biashara, Pasca hakuwahi kuona tisheti nzuri kama zile.

Viktoria, shangazi mkubwa, akaenda nyumbani, akarudi na moja ambayo haijavaliwa.

"Hii ni ya watu wa nyumba yetu. Duku, nampa?"

Duku akamgeukia Pasca. "Pasca, mimi nataka kukuoa. Unakubali?"

Pasca alichukua tisheti, akaivaa juu ya gauni, akaivuta mpaka mama akakaa sawa kifuani.

"Shangazi," akasema, "jembe langu liko wapi?"