Kompyuta Imesema Tayari

Wazazi wenzangu wa Buhongwa, nisikilizeni, maana leo nina hasira na sitaificha.

Ijumaa ile zahanati ilikuwa shwari. Wagonjwa walikuwa wameisha, na muuguzi Evelina alikuwa anakunywa chai. Pembeni, Masele, fundi wa kompyuta, alikuwa anahamisha kumbukumbu za wagonjwa kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya. Mara programu ya kuhamishia ikagoma kuunganishwa na kanzidata ya mfumo mpya, yaani ghala la kumbukumbu zenyewe.

"Wamebadilisha nywila," Masele akasema. "Mwenye mpya yuko ofisi za wilaya, Nyamagana. Nani ampigie saa hizi?"

Simu moja tu, ndugu zangu! Badala yake akafungua mipangilio, akafuta jina la kanzidata halisi, akaweka ile ya mazoezi, ya kujaribia tu, ambayo nywila yake aliijua. Eti aone kama programu ni nzima, kisha arudishe. Programu ikakubali, ikaandika tayari, wagonjwa 2,140. Hakurudisha kitu.

"Umefungua mfumo mpya ukaona majina yamo?" Evelina akauliza.

"Dada, wewe choma sindano. Kompyuta imesema tayari."

Evelina akakasirika, lakini akameza maneno yake. Jioni hiyo mfumo wa zamani ukazimwa.

Jumatatu asubuhi bibi mmoja, wa kwanza kwenye foleni, akamleta mjukuu wake Precious, miaka mitano, anawaka homa, koo limevimba. Mama wa mtoto, Ng'washi, alikuwa msibani Bujora na simu yake haipatikani.

"Shikamoo bibi. Kuna dawa inayomdhuru?" Evelina akauliza.

"Marahaba. Mimi sijui, mwanangu. Mama yake alisema mliandika yote humo kwenye mashine."

Evelina akatafuta jina. Halikuwemo. Hapo ndipo alipopaswa kusimama! Foleni ilikuwa ndefu; akajisemea labda waliandika zahanati nyingine. Akamwandikisha upya, akamchoma penisilini.

Dakika kumi hazikuisha, midomo ya mtoto ikavimba, pumzi ikakatika. Evelina alimchoma dawa ya kumwokoa, akampulizia hewa, akamwita na kumwita. Precious akafa mikononi mwake.

Ng'washi alifika jioni. Hakulia.

"Nionyesheni mlipoandika. Nilikaa kiti hiki nikawaambia penisilini nusura imuue akiwa na miaka miwili."

Masele akakumbuka alichobadilisha Ijumaa, akafungua kanzidata ya mazoezi. Jina lilikuwemo: Precious Mhoja. Mbele yake, kwa maandishi mekundu: asipewe penisilini.

Ng'washi alisoma polepole mpaka mwisho.

"Kumbe mlijua," akasema.

FUNZO

Mashine ikisema tayari, imesema imemaliza. Haijasema imepeleka mahali panapotakiwa. Fungua, tazama kwa macho yako, na kama hujui, piga simu uulize. Anayelipua kazi ya watu analipua watu. Nawe unayemwona mwenzako akilipua, sema, hata ukiitwa mjuaji. Evelina alinyamaza mara moja tu, na Ng'washi amezika.