Mtaa Uliofungwa Saa Kumi

Harufu ilianza Jumapili, wakati wa chakula cha mchana: harufu ya mbuzi aliyenyeshewa, na ndani yake kitu kama pembe iliyochomwa. Nyumbani kwa Kweyu harufu ya mbuzi ilikuwa kioja. Tarehe ilikuwa ishirini na tano, mshahara ulikuwa bado mbali, na sufuriani kulikuwa na kabichi, kabichi ambayo hata uiwekee mikono na kuinenea kwa lugha haiwezi kugeuka nyama.

"Triza, umepika nini?"

"Hicho unachokiona."

"Na hiki ninachonusa?"

"Hicho kaulize pua yako."

Wakacheka. Kicheko kilikuwa hakijaisha waliposikia nyayo nyuma ya kabati la vyombo. Zilitoka ukuta wa dirisha zikaenda hadi ukuta wa nyuma, zikagota, zikageuka, zikarudi. Mle chumbani walikuwa watu wawili tu, maana binti yao Lorine alikuwa shule ya bweni, na wote wawili walikuwa wameketi.

"Panya," akasema Kweyu.

"Panya wa viatu," akasema Triza. Safari hii hakuna aliyecheka.

Jana yake tu walikuwa wamemaliza maombi makubwa. Mwaka huo wa tisini na tatu mtaa wao, nyumba za kanjo, halmashauri ya jiji, zilizobanana kati ya machinjio ya Kiamaiko na mto, ulikuwa umechoka kabisa. Surua ilikuwa imezika watoto wa nyumba tatu, moto ulikuwa umekula vibanda mara mbili, na vijana walikuwa wakichomana visu kwa sababu ambazo hata wao, ukiwauliza, walikuwa wamezisahau. Ndipo Wakristo wa mtaa wakakubaliana kuombea eneo zima lipone. Mwalimu Nabiswa, mzee wa kanisa, ndiye aliyekuwa kiongozi, ila mpango wote ulikuwa wa Kweyu. Kweyu alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha sabuni, na aliyapanga maombi kama alivyopanga mapipa. Alichora ramani, akaweka siku saba za kufunga, watu saba wa kuzunguka, pembe nne za mtaa, na chupa moja ya mafuta ya kupikia yaliyobarikiwa. Kwenye kila pembe mafuta yalimwagwa na watu wakasema kwa sauti moja, "Tumefunga mtaa huu kwa damu!" Pembe ya nne ilikuwa ukuta wa nyuma wa nyumba yake mwenyewe. Triza ndiye aliyemwaga.

Ratiba ilisema wafunge mtaa saa moja jioni. Kweyu aliivuta nyuma hadi saa kumi mchana, kwa sababu alikuwa na shifti ya usiku. "Mungu hana saa," aliwaambia, na wote wakaitika amina. Aliyefunga siku saba huitika amina upesi, hasa akisikia kwamba atakula mapema.

Jumatatu Triza alitoka kwenda Soko la Burma kununua matumbo. Alipofika kwenye daraja la mto alirudi nyuma hatua mbili, akashika paji la uso.

"Niaje, mathe?" kijana aliyekuwa akiosha mikokoteni akamwuliza. "Umegonga nini na hapo hakuna kitu?"

Triza alijaribu tena, kisha akajaribu pembe ya posho mill, penye kinu cha unga, kisha ya tangi la maji. Alirudi nyumbani na kapu tupu na nundu tatu kichwani. Kweyu, mtu wa masihara, alimwuliza kama siku hizi matumbo yanarusha mawe. Triza aliliweka kapu chini.

"Baba Lorine," alisema polepole, "mimi siwezi kutoka."

Jumanne saa kumi alianza kutembea. Alitembea peku juu ya mkeka, lakini miguu yake ililia kama iliyo juu ya mwamba, kutoka ukuta wa dirisha hadi ukuta wa nyuma, na kila alipogota alisimama akiwa ameegemeza paji la uso ukutani kama ng'ombe aliyefungiwa, na ile harufu ya mbuzi na pembe ikapanda mpaka Kweyu akaionja kwenye ulimi, na sauti iliyotoka kinywani mwa mkewe haikuwa ya mkewe, ilikuwa nzito, ya mtu mstaarabu aliyechoka kungoja.

"Nifungulieni," ilisema. "Nimechelewa."

Kweyu, ambaye kwenye ramani yake alikuwa amejiandika mkuu wa vita, alijikuta nyuma ya kochi akiwa amekumbatia mto. Tusimcheke. Wengi wetu tungekuwa chini ya hilo kochi.

Jirani yao, Sahro, muuza maziwa, alikuwa amesikia kupitia ukutani. Alikuja na kitezo cha ubani, hakuvuka kizingiti.

"Mama Idil, ni nini hiki?" Kweyu akanong'ona.

"Mpita njia," Sahro naye akanong'ona. "Tangu tuhamie hapa, kila alasiri anatoka machinjioni, ameshiba damu, anapita nyuma yenu kwenda mtoni kwake. Mimi humwachia njia, naingiza watoto ndani. Hajamgusa mtu. Jirani, mlifunga saa ngapi?"

"Saa kumi."

Sahro alifumba macho. "Si mngengoja magharibi iingie, walahi! Angekuwa ashavuka. Mmemfungia ndani, na amemshika aliyeimwagia njia yake mafuta."

"Atolewe basi!"

"Na nani? Nimemwuliza ami yangu Aweys, yeye husomea wagonjwa Kurani. Amesema huyu hahitaji kufukuzwa, anataka kwenda. Lakini fundo hufunguliwa na mkono uliolifunga. Ni nyinyi saba."

Alhamisi simu iliingia kiwandani kutoka Bungoma. Mama yake Triza alikuwa amezidiwa, hali chakula, anamwita binti yake kwa jina mchana kutwa. Triza aliposikia habari hiyo alifunga nguo mbili kwenye leso, akaketi nazo mapajani. Hakulia. Alisema tu, "Nimezaliwa peke yangu, Baba Lorine. Nani atamfumba macho?"

Kweyu alikimbia kwa Mwalimu Nabiswa bila kufunga kamba za viatu.

"Mwalimu, tufungue. Pembe moja tu, nusu saa."

"Tufungue?" Mzee alivua miwani. "Nirudi kwa Mungu nimwambie lile ulilojibu, futa?"

"Mwalimu, mke wangu hawezi kwenda kwa mamake."

"Na huyo anayesema kwa kinywa chako ndiye anayemzuia." Alimshika bega, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. "Kweyu, ndugu yangu, hatutakuacha. Kesho asubuhi tunakuja wote."

Walikuja kweli. Ijumaa saa mbili asubuhi watu wasiopungua mia mbili walijaa uani na matari na chupa kumi za mafuta, wengine wameacha vibarua vyao, na wote walimpenda Triza, na hilo ndilo lililomvunja Kweyu nguvu, kwa maana mtu anaweza kuwafungia mlango adui zake, lakini atawafungia vipi waliokuja na uji wa mgonjwa? Alisimama mlangoni akapiga kelele kwamba wasimwage, na wakamwombea hata yeye. Walimwingiza ndani amshike mkewe mkono, wakaanza kuizunguka nyumba yenyewe, ukuta kwa ukuta, mafuta yakitiririka kwenye msingi. Ndani Triza alitembea kwa kasi, kila duara la nje likimfupishia njia, hatua sita, hatua nne, hatua mbili, mpaka akawa anatetemeka mahali pamoja, akipumua kama mnyama aliyebanwa.

"Nimechelewa," sauti ikasema, na sasa ilikuwa inaogopa.

Kweyu alimkumbatia mkewe, akaweka mdomo sikioni mwake. Hakuwa anasema na Triza.

"Mwache aende kwa mamake," alinong'ona. "Kaa kwangu. Mimi sina safari."

Nje waliimba ubeti wa mwisho. Triza alilegea, akafumbua macho, akauliza kwa sauti yake mwenyewe kama basi la saa tatu limeshaondoka. Alivuka kizingiti akiwa ameshika leso yake, na uani kukalipuka vigelegele na haleluya. Mwalimu Nabiswa alilia hadharani.

"Twende basi, nisindikize mpaka stesheni," Triza akamwita mumewe.

Kweyu alipiga hatua moja. Paji lake la uso likagota mahali penye hewa tupu, hewa baridi, ngumu kama jiwe la kusagia. Alitazama nyuso mia mbili zilizokuwa zikimtabasamia, zote tayari kuanza upya zikisikia neno moja.

"Tangulia, mama," alisema, akajiegemeza mlangoni kama mwenye nyumba asiye na haraka. "Nafunga hapa halafu nakuja. Msalimie sana."

Alimpungia mkono mpaka nyimbo zikaishia ng'ambo ya daraja. Saa kumi ilipofika, miguu yake ilianza kutembea.