Kijiko cha Asubuhi

Kila asubuhi Chiriku aliwahi shuleni kuliko walimu wengi, kwani yeye ndiye aliyegonga kengele. Alipewa saa ya mkononi ya ofisi na nyundo ndogo, na maringo yake hayakuwa haba. Jina hilo la utani alilipata kwa kuongea bila kituo.

Wiki hiyo mafua yalimkaba. Pua iliziba, akajigeuzageuza kitandani usiku mbili mfululizo. Mama yake, muuguzi wa zahanati, akamletea dawa ya maji.

"Kijiko kimoja, ukishapanda kitandani," alimwambia. "Mchana hapana, mwanangu."

Lakini darasani wenzake walihesabu chafya zake kwa sauti: "Nane! Tisa!" Chiriku aliona aibu sana. Kesho yake, mama alipotoka, akajimiminia kijiko kingine cha asubuhi. Kweli, chafya zikakoma.

Dakika tano kabla ya mapumziko alitoka darasani, akaketi kwenye benchi chini ya kengele. Saa nne ikafika, kimya. Saa nne na nusu, bado kimya. Watoto wa darasa la kwanza wakaanza kulia njaa. Mwalimu mkuu alipotoka kutazama, alimkuta Chiriku amekumbatia nyundo, anakoroma.

"Saa ilisimama, mwalimu," akadanganya alipoamshwa.

Mwalimu mkuu akaisogeza saa sikioni. "Mbona inatembea? Haya, kesho naipeleka kwa fundi. Akisema ni nzima, nyundo nampa mwingine."

Jioni hiyo nyumba ilikuwa kimya hata mama akashtuka.

"Kulikoni? Leo umemeza ulimi?"

Machozi yakamtoka Chiriku. Akasema yote: kijiko, usingizi, na uongo kuhusu saa.

"Dawa hii hupunguza mafua, lakini huleta usingizi," mama alisema. "Nawe tangu juzi hujalala vizuri. Ukijumlisha hayo mawili, hata simba angelala! Je, ungesinzia ukivuka barabara? Mchana leso inatosha. Na huo uongo, kesho nenda ukaukiri mwenyewe, kabla ya fundi."

Usiku huo alilala mapema. Asubuhi, kichwa kikiwa chepesi, alimweleza mwalimu mkuu kila kitu. Kisha akamwekea nyundo mezani. Hakutaka kabisa kuikosa nyundo ile.

"Saa sitaipeleka kwa fundi," mwalimu alisema, akamkabidhi tena nyundo.

Saa nne kamili kengele ikalia mara mbili, ikafuata chafya kubwa, kisha ikalia tena. "Moja!" wanafunzi wakapaza sauti madirishani. Safari hii Chiriku alicheka pamoja nao.

"Gonga tu, binti," alisema mwalimu mkuu. "Dawa ina saa yake, na usingizi una saa yake. Ukweli ndio hauna saa, useme wakati wowote. Mimi naona heri kengele inayopiga chafya kuliko kengele inayokoroma."