Kilio cha Chini ya Mchanga

Wewe ungenyamaza mwenzio akilaumiwa kwa kosa lako? Rafiki yangu Hessa alinyamaza. Yeye na wakwe zake walikuwa wamepiga kambi jangwani na watoto, kama kila msimu wa baridi. Magharibi ilipoingia, akamwaga mchangani maji ya birika yaliyokuwa bado yanatokota, bila kusema bismillahi. Ana digrii ya kemia. Habari za majini wa ardhini, wanaolipiza wakiunguzwa na maji ya moto, huwaachia wakwe.

Giza likatanda. Palepale alipomwaga, chini ya mchanga, mtoto akaanza kulia.

"Nani kamwaga maji ya moto hapa?" akauliza mama mkwe. "Anud, ni wewe, mikono haikutulii!"

"Wallahi mama, hata birika sijaligusa!" akalia Anud, wifi mdogo wa Hessa.

Hessa akajitia kukunja blanketi.

Mama mkwe akakimbilia hemani alikolala mjukuu wake Ghala, mtoto wa Hessa, akamfunua. Nyayo za mtoto zilikuwa zimejaa malengelenge. Mdomo aliuachama kwa kilio, machozi yakimchuruzika, lakini sauti haikutoka kwake. Ilikuwa ikitoka nje, mchangani.

"Ni mimi, mama," Hessa akasema. "Niliyamwaga mimi. Anud hana kosa."