Sekunde Kumi na Moja

Mashine iliyoitwa mfumangozi haikuwa na kelele. Ilishusha miguu yake sabini, myembamba kama nyuzi za katani, ikala kovu tabaka kwa tabaka huku ikisuka ngozi mpya nyuma yake. Dakika ishirini, kwisha. Katika jiji la Igamba Mpya mashine hizo ziliwekwa kila mtaa, bure kabisa, zawadi ya wenye kiwanda cha betri. Ndiyo, wale wale.

Tusekile aliingia mbio. Anyosisye, mwenzake wa zamani kiwandani, alikuwa tayari kitini.

"Kaka, toa mkono hapo!"

"Mwe! Hata salamu, dada Tuse?"

"Salamu baadaye. Baraza la uchunguzi linakaa saa nane. Yamebaki makovu mawili tu, langu na lako."

Miaka tisa nyuma kiwanda hicho cha betri kiliwaka moto, na waliookoka arobaini na wawili walitoka na mistari ya nondo za mlango viganjani. Wakubwa walisema mlango ulikuwa wazi, watu walichanganyikiwa tu na moshi. Wakaaminiwa. Lakini sasa kulikuwa na msomakovu, kifaa kinachopima kina cha kovu na kutaja mkono ulikaa kwenye chuma muda gani. Kiganja cha Tusekile kilisoma sekunde kumi na moja. Nani anang'ang'ania chuma cha moto sekunde zote hizo mbele ya mlango ulio wazi? Ila sheria ilidai viganja viwili vinavyolingana. Kimoja kiliitwa bahati mbaya.

"Njoo ufutwe jioni," alisihi Tusekile. "Nitakusindikiza mwenyewe."

"Nikiiacha zamu hii wananirudisha mwakani. Jumamosi namwozesha mwanangu Atupele. Nitawapokea wakwe kwa mkono huu? Hata msibani watu wananipungia tu, utadhani niko ng'ambo ya mto."

"Na mimi je? Mimi wananishika?"

Kioo cha mashine kiliwaka kikauliza chanzo cha kovu: jiko, gari, upasuaji au mnyama. Kiwanda hakikuwamo.

"Wenzetu walibonyeza nini?" aliuliza Tusekile.

"Jiko. Wote."

"Arobaini! Wote wameunguzwa na sufuria! Na wewe hata chai hujawahi kuchemsha."

Anyosisye alicheka kidogo, kisha uso ukamshuka. "Nilikusikia ukinipigia kelele nisukume mlango, siku ile. Sijasahau. Lakini nimechoka kuwa ushahidi, dada yangu. Nataka kuwa mtu."

Akabonyeza jiko.

Tusekile angeweza kuondoka. Alibaki akitazama mistari ya nondo ikiliwa mmoja baada ya mwingine, maana angalau mtu mmoja alipaswa kuona. Wa mwisho ulipotoweka alitoka bila kuaga, akatembea peke yake mpaka ukumbi wa baraza.

Mawakili wa kiwanda walikuwa sita, wamejaza safu nzima. Upande wa mashahidi kulikuwa na viti viwili. Alikaa kimoja.

Mwenyekiti alipitisha kidole kwenye orodha.

"Shahidi wa pili, Anyosisye Mwaipaja. Simwoni. Anaumwa?"

"Hapana, mheshimiwa," alijibu Tusekile. "Amepona."