Nimepokea, Ni Wangu

Ukumbi wa parokia ulikuwa umenyamaza, watu wote wakisubiri kumwona kwenye video, ukutani, bibi harusi akishuka garini. Hilari mpiga video, tumbo mbele, suti ya kuazima ikimbana makwapani, alibonyeza kitufe kwa madaha kama waziri anayezindua daraja.

Ukutani pakatokea kitanda cha kamba.

Kando ya kitanda, juu ya mkeka, alikaa bibi kizee. Mgongo kwa watu. Kanga imemshuka begani.

"Huyo ndiye Recheli wetu?" shangazi wa bwana harusi aliuliza, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. "Mbona amezeeka hata keki haijakatwa?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hilari naye alicheka, kwa kuwa alikuwa mzoefu wa kuchekwa. Alishafika Bujumbura, Lubumbashi, hata Guangzhou, ambako alipotea kutwa nzima sokoni na kurudi na kamera isiyo na lenzi. Aibu aliijua kama anavyojua shemeji zake.

"Wapendwa, hilo ni tangazo la wadhamini!" alisema, huku akibonyeza kila kitufe ambacho kidole kilikutana nacho.

Picha haikuondoka.

Kisha sauti ikaja. Ting... ting... Kijiko kikigonga kikombe cha bati. Taratibu, kama mtu anayeita na hataki kusumbua. Ting...

Kicheko kilikufa meza moja baada ya nyingine. Mtoto akaanza kulia. Hilari akachomoa waya, ukuta ukarudi kuwa mweupe, na MC akawahi kupiga muziki. Hilari akaishika hadi diski yake ya kuhifadhia video, ndogo kama kipande cha sabuni, aitie mfukoni.

Haikuwa na waya wowote.

Ting...

Aliisikia kwenye kiganja chake.

Ile hadi diski aliinunua mtandaoni, kwenye ukurasa uliojiita Msafara Dijitali. Punguzo lake lilikuwa la kumfanya mtu mzima ajione mjanja. Diski yake ya zamani ilikuwa imeanza kukoroma, na ndani yake mlikuwa na kitu kimoja ambacho Hilari asingekibadilisha kwa nyumba: video ya marehemu mke wake, Dafrosa. Hakuna nakala nyingine. Dafrosa amekaa uani anakata viazi vitamu vya michembe, vya kuanikwa juani, anaimba, halafu anainua macho na kufoka, "Hilari, zima hicho kidude, uje ushike kisu!" Basi. Kila Jumapili baada ya misa, binti yao Jenifa huja kumsikia mama yake akifoka, akacheka, akalia kidogo, kisha akapika.

Hilari hakuwa mjinga kabisa. Aliuliza habari ya waranti kabla ya kulipa. Jibu lilikuja upesi.

"Waranti ipo, baba. Ila mzigo unaupokea mwenyewe, njia panda ya Nzega. Na unatuma sauti kwamba umepokea. Bila sauti, waranti haifanyi kazi."

Alifika Nzega jua likizama. Malori yalikuwa yakipumua vumbi, wauza mahindi wakipepea mkaa. Mtu wa kumkabidhi hakuwepo. Kifurushi kilikuwa juu ya jiwe, peke yake, pale barabara zinapokutana, kimefungwa uzi mweusi.

Sasa hapa ndipo penye aibu yake kubwa, kubwa kuliko ile ya ukumbini. Hilari amekulia kijijini Choma. Mama yake alimfundisha kabla hajajua kusoma: ukikuta kitu njia panda, chungu kipya, sarafu, kuku mwekundu amefungwa mguu, zunguka. Kuna mtu ameutua ugonjwa wake pale, anasubiri wa kuuokota. Wapagazi wa zamani, waliotoka Tabora na pembe za ndovu vichwani kwenda pwani, walizunguka vitu hivyo hata kama mabega yanavuja damu. Na Hilari mwenyewe, na safari zake zote, hadi leo akiona sarafu njia panda huivuka kama nyoka.

Lakini kifurushi hiki kilikuwa na lebo. Kilikuwa na namba ya simu. Nani anaogopa kitu chenye lebo?

Akakiokota. Akaweka simu mdomoni, akajichekea mwenyewe, akasema kama alivyoelekezwa: "Mimi Hilari, nimepokea mzigo huu, ni wangu."

Jibu likaja hapo hapo. Neno moja.

"Amina."

"Vijana wa siku hizi wana dini," alijisemea, akapanda basi. Alipofika nyumbani akahamisha kila kitu, akaifuta ile ya zamani, akamwachia fundi achukue vipuri.

Siku ile ya harusi alitoka ukumbini kabla ya chakula, na wanaomfahamu Hilari wanajua hilo lina uzito gani. Nje mwanga ulikuwa bado unang'ang'ania juu ya mabati. Alijifungia sebuleni, akachomeka hadi diski kwenye laptopu, akafungua video ya Dafrosa.

Uani. Beseni la viazi. Dafrosa anaimba. Hilari akashusha pumzi.

Halafu akaona mkeka.

Ulikuwa nyuma kabisa, kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni. Juu yake bibi kizee. Mgongo kwa kamera. Akafunga. Akafungua tena. Mkeka ulikuwa umesogea, sasa uko kando ya beseni. Na harufu ikaingia sebuleni, harufu ya chumba cha mgonjwa: jasho la siku nyingi, uji uliochacha...

Dafrosa alikatiza wimbo. Katika video ile hakuwahi kukatiza wimbo. Aligeuza shingo pembeni, kama mtu aliyeona mgeni.

"Shikamoo, mama," alisema. "Karibu, sogea kivulini."

Hilari alipiga kelele ambayo baadaye alimwambia jirani ilikuwa chafya.

Alijaribu yote anayoyajua mtu wa kazi yake. Alihamishia video kwenye fleshi. Bibi akahama nayo. Alimpelekea fundi Sabiri, ambaye aliisoma namba iliyo mgongoni mwa diski, akaitafuta mtandaoni, kisha akamtazama Hilari kwa huruma.

"Mzee, umepigwa. Waranti ya kiwanda ilikwisha zamani. Hii ilikuwa kwenye kamera za ulinzi, imefanya kazi usiku na mchana mpaka imechoka. Wameivalisha ganda jipya. Hayo unayoyaona ni mabaki ya mwenye nayo wa kwanza."

"Mabaki."

"Mabaki tu, mzee wangu."

Lile neno lilimtuliza Hilari mpaka alipofika mlangoni kwake. Hapo likamjia swali. Mabaki gani yanaamkiwa shikamoo?

Akaandika kwa Msafara Dijitali: Nadai waranti. Jibu: Njoo ulikopokelea.

Pale Nzega, kijana alikuwa amesimama mbali kidogo na lile jiwe, mikono nyuma. Jua lilikuwa limeshazama na malori yamewasha taa. Alikuwa mwembamba, shati safi, sura ya mtu anayelala vizuri.

"Shikamoo, baba. Mimi ndiye Kashindye."

"Marahaba. Nimekuletea mali yako."

Hilari akanyoosha mkono. Kijana akaruka nyuma kama aliyeonyeshwa kaa la moto.

"Usinipe mkononi!" alinong'ona. "Baba, nakuomba. Usinipe."

"Ni nani huyu mwanamke?"

Lori likapita. Vumbi likapanda, likashuka.

"Mama yangu. Tekla."

"Yuko wapi?"

"Tulimzika. Alilala kitandani muda mrefu, miguu haimtii. Mimi niko mgodini. Nikamfungia kamera chumbani ili nimwangalie kwa simu. Jirani alikuwa anampelekea uji. Halafu jirani akasafiri."

"Ukamwona anagonga kikombe."

"Nilimwona."

"Ukafanya nini?"

Kijana alitazama lami.

"Nikapunguza sauti."

Hilari alikuwa amekuja na maneno mengi, mengine ya Kisukuma na mengine ya Lubumbashi. Badala yake aliirudisha hadi diski mfukoni.

"Zamu ilikuwa haijaisha, baba," Kashindye aliendelea, haraka haraka. "Nilisema nikitoka nitakwenda. Nilipotoka... Basi. Nikaifuta diski. Akarudi. Nikafuta tena. Anarudi, anasogea. Nikaenda kwa mtaalamu wa jadi, akaniambia kisichofutika hupokewa. Mtu akipokee mwenyewe, kwa mdomo wake, aseme ni chake. Nikaona siku hizi nani ataokota kitu njia panda? Hakuna. Lakini ukiweka punguzo..."

"Na waranti."

"Na waranti. Watu wanaamini waranti."

"Kwa hiyo ilikuwa uongo."

"Hapana, baba. Waranti ipo kweli. Na wewe mpe mtu. Akisema ni yake, unapona siku hiyo hiyo. Mimi si unaniona?"

"Kuna mke wangu humu ndani."

Kashindye alikuwa bado ana mikono nyuma, kama mwanafunzi.

"Ataenda naye," alisema. "Watakuwa pamoja."

"Unalala usiku?"

"Nalala, baba. Sana."

Hilari alitaka kumzaba kofi. Angalau hivyo ndivyo alivyotaka atake. Lakini ndani ya basi la kurudi Tabora, hadi diski ikigonga mfukoni mwake taratibu, ting... ting... na abiria wa jirani akiuliza kama ana saa mbovu, aligundua kwamba hakuwa na hasira na yule kijana. Alikuwa anamwonea wivu.

Jumapili ikafika. Jenifa alikuja baada ya misa kama kawaida, akakuta baba yake amenyong'onyea kama shati lililosahauliwa kwenye kamba. Hilari alimsimulia yote. Alijitahidi kuchekesha katikati, kwenye ile habari ya keki, lakini Jenifa hakucheka. Alichukua laptopu na hadi diski, akaingia navyo chumbani, akafunga mlango.

Alikaa humo mchana kutwa. Wala hakupika.

Jua lilipoanza kulala, Hilari, akiwa peke yake sebuleni, alitoa simu. Aliandika kwa kidole kimoja, haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Hadi diski. Hali nzuri. Punguzo kubwa. Waranti ipo. Akabonyeza.

Mtu akajibu kabla hajaweka simu mezani. Mwalimu, yuko Urambo. "Shikamoo mzee. Nimeipenda. Nataka kuhifadhia picha za watoto wangu. Hiyo waranti ni ya kweli?"

Hilari aliyasoma maneno yale. Akayasoma tena. Kidole kikasimama juu ya herufi. Akafikiria usingizi. Akafikiria jinsi Kashindye alivyosimama, shati safi, mikono nyuma. Kidole kikashuka.

"Ni ya kwe..."

Ting...

Ilitoka chumbani. Harufu ya uji uliochacha ikapita chini ya mlango, na ndani yake, nyembamba, harufu ya viazi vitamu vinavyoanikwa juani.

Ting... ting-ting.

Hilari akaganda. Vilikuwa vijiko viwili.

Mlango ukafunguliwa. Jenifa alitoka, macho mekundu, laptopu imefumbatwa kifuani kama mtoto mchanga.

"Amegeuka," alisema.

"Nani?"

"Yule bibi. Ameacha kutupa mgongo."

"Anaangalia nini?"

"Ameanza kuangalia sasa hivi tu, Baba. Ulikuwa unafanya nini?"

Hilari alificha simu nyuma ya mgongo. Alipojigundua amesimama hivyo, mikono nyuma, aliirudisha mbele.

"Na mama yako?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Bado anaimba?"

"Ameacha. Naye anaangalia. Wote wawili wanaangalia mlango huu."

Jenifa alinyoosha mkono akaichukua ile simu. Akasoma tangazo. Akasoma swali la mwalimu. Hilari akaanza kueleza, akitafuta hata kichekesho kimoja cha kushikia, asikipate.

"Mwanangu, hiki si kitu cha kuishi nacho. Unaisikia hiyo harufu. Mwalimu mwenyewe ameomba, tena ni mtu wa mbali, hatutamjua. Akishasema ni yake tu, sisi tunalala..."

Jenifa alifuta tangazo, akamwekea simu mkononi.

"Baba, mama hauzwi. Na huyo mwingine naye ni mama wa mtu. Wote wawili wanabaki hapa kwetu."